Hadna ya faibaglasi ina nini ndani mpaka iogopwe hivi

Nimeshaona kikombe cha plastiki kikiyeyuka chenyewe mezani, hakuna moto, hakuna jiko, hata jua halikuwepo. Jamaa alikuwa na haraka ya kuziba ufa, akapima rizini, ile gundi ya maji ya faibaglasi, kama nusu kikombe, hadna, yaani dawa ya kuigandisha, akaimimina kwa kukadiria na macho, akakoroga, alafu simu ikaita akatoka nje kuongea. Aliporudi rizini ilishakuwa kama jeli, dakika chache mbele ikaanza kutoa mvuke wenye ile harufu inayokata pua, ikapasuka katikati kwa mlio wa tak, kikombe kikalegea upande mmoja kama mshumaa. Akasema hadna ni feki. Haikuwa feki, ilikuwa nzima kabisa, tena ilifanya kazi kuliko alivyoitaka.

Naanza na hicho kikombe kwa sababu yale maonyo ya herufi ndogo kwenye chupa ya hadna, ambayo karibu hakuna anayeyasoma, yote yanarudi kwenye kilichotokea pale mezani: joto lilizaliwa haraka kuliko lilivyopata njia ya kutoka. Basi. Ukiishika hiyo, mengine hata ukisahau utayafikia kwa akili yako.

Sasa hadna yenyewe ni nini. Ile inayotumika sana kwenye rizini ya poliesta inaitwa MEKP, kirefu chake peroksaidi ya methili ethili ketoni. Ukiiangalia ni kama maji tu, safi haina rangi, nzito kidogo. Na dukani huuziwi MEKP tupu hata siku moja, unauziwa iliyochanganywa na kimiminika kingine cha kuituliza, mara nyingi MEKP yenyewe inakuwa kama asilimia 30 mpaka 40 ya kilichomo kwenye chupa na iliyobaki ni huyo mtulizaji. Kwenye lebo utakuta pia wameandika oksijeni tendaji asilimia 9 hivi, hiyo ndo namba wanayopimia ukali wake. Ikiwa tupu au ikikolezwa inakuwa kitu cha kulipuka kwa mshtuko mdogo, kwa hiyo mtu anayewaza kuikausha au kuipasha ili "iwe na nguvu zaidi" anacheza na uhai wake na wa majirani.

Neno peroksaidi maana yake ni kwamba kwenye molekuli kuna atomu mbili za oksijeni zimeshikana zenyewe kwa zenyewe. Na oksijeni kwa oksijeni namna hii ni ndoa ya mashaka, ipo ipo tu. Kuvunja bondi, yaani kifungo kinachoshikanisha atomu, ya kaboni na kaboni kunataka nishati ya kama kilojuli 350 kwa moli, hii ya oksijeni mbili kwenye peroksaidi nyingi za kikaboni inataka kama 150 hivi, yaani hata nusu haifiki. Joto dogo tu, au kuguswa na kitu kisichofaa, inakatika. Na ile sehemu ya "kikaboni" inaongeza utamu kwa sababu pembeni ya hizo oksijeni kuna kaboni na haidrojeni, ambavyo ni mafuta, kwa hiyo mafuta na oksijeni vimelala kitanda kimoja vinasubiri tu wa kuviamsha.

Bondi ikikatika unapata vipande viwili, kila kimoja kina elektroni moja iliyokosa mwenzake. Vinaitwa radikali huru, na vina njaa haswa. Ndani ya rizini vinakutana na stairini, ile ndo inayotoa harufu kali ukifungua kopo, vinaidaka, nayo inadaka nyingine, nyingine inadaka mnyororo wa poliesta, na mchezo unaendelea mpaka kimiminika chote kimefungamana kuwa kitu kimoja kigumu kisichoyeyuka tena. Kila kudakana kunatoa joto kidogo. Kidogo mara mabilioni ndo kile kikombe.

Hapa niseme kitu kinachonikera kidogo. Watu wengi wanaiita hadna katalisti, hata lebo nyingine zimeandika hivyo, lakini katalisti ni kitu kinachoharakisha kazi alafu chenyewe kinabaki kama kilivyokuwa. Hadna haibaki, inavunjika na kuliwa. Katalisti wa kweli kwenye hii biashara ni kobalti, ile akselereta ya rangi ya zambarau iliyoiva, ndo maana rizini nyingi ukifungua kopo unakuta zina kawekundu au kazambarau kwa mbali. Kobalti inaikata ile bondi ya peroksaidi hata kwenye joto la kawaida la chumbani, alafu inarudi ilivyokuwa, inakata nyingine, inarudi, inakata. Bila hiyo MEKP ingetaka upashe moto rizini ndo ifanye kazi.

Na kutokana na hiyo sasa inakuja sheria ambayo ukisahau zote usisahau hii: hadna na akselereta havikutani uso kwa uso. Kamwe. Ukimimina kobalti kwenye MEKP moja kwa moja unavunja mamilioni kwa mamilioni ya bondi kwa mpigo, tena hakuna rizini ya kuzimeza zile radikali wala kusambaza joto, kinachofuata ni moto au mlipuko, na hutapata muda wa kusema samahani. Rizini nyingi siku hizi zinakuja kobalti imo tayari kwa hiyo unaongeza hadna tu. Kama yako haina, unaanza na kobalti kwenye rizini, unakoroga mpaka ipotee kabisa, ndipo hadna iingie. Kijiti cha kukorogea kobalti usikichovye kwenye hadna, sirinji ya hiki usiitumie kwa kile, na kwenye shelfu visikae jirani ambapo kimoja kikivuja kinamdondokea mwenzake.

Sio kobalti peke yake inayoweza hiyo kazi. Chuma, kutu, shaba, asidi, magadi, vyote vinaikata au kuichokoza bondi, kila kimoja kwa njia yake. Na kuna mfano mmoja naupenda sana: artemisinini, ile iliyoko kwenye dawa mseto za malaria, nayo ina daraja la oksijeni mbili kama hili hili. Kimelea cha malaria kinakula himoglobini ya damu, ndani yake kuna chuma, chuma kinalivunja lile daraja, na vipande vinavyotoka vinamuua kimelea humo humo tumboni mwake. Tu Youyou wa China alipewa Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua dawa hiyo. Yaani kinachomuua kimelea ndo kile kile kinachoweza kukuchomea karakana ukimimina hadna kwenye kopo la bati lenye kutu. Dawa usiiogope lakini, ni molekuli nyingine, dozi ndogo, na haina hiyo tabia ya kulipuka kwenye kidonge.

Turudi kwenye joto maana hapo ndo penye uzito. Kile kikombe kingemwagwa juu ya ubao kikasambazwa wembamba wa milimita mbili, kingekauka taratibu, ungeweka kiganja ungesikia uvuguvugu tu. Kiasi ni kile kile, joto ni lile lile, ila likisambazwa lina eneo kubwa la kutorokea. Likibanwa kwenye kikombe katikati hapapumui, joto linapanda, likipanda hadna iliyobaki inavunjika kwa kasi zaidi, ikivunjika kwa kasi linapanda tena. Kinachotisha ni hesabu yake: kila joto linapopanda nyuzi 10 kasi ya kuvunjika inazidi mara kadhaa, wakati kupoa kunaongezeka kidogo kidogo kwa kiasi kile kile, kwa hiyo kuna sehemu hizo mbio zinakuwa zimeshaamuliwa, mmoja kampita mwenzake na hamshiki tena.

Sasa hamisha hiyo hesabu kutoka kwenye kikombe uipeleke kwenye chupa ya hadna yenyewe, haina rizini wala nini, imekaa tu kwenye shelfu. Nayo inavunjika polepole sana muda wote, ndo maana inapoteza nguvu ikikaa muda mrefu na ndo maana ina tarehe ya mwisho. Kwenye baridi joto linalozaliwa ni dogo linatoka bila tabu. Ila kuna nyuzi fulani ambazo zikifika, chupa inaanza kujipasha yenyewe na haisimami. Wataalamu wanaipima hivi: wanachukua kifurushi kama kinavyosafirishwa, wanakiweka mahali penye joto lisilobadilika kwa siku 7, nyuzi za chini kabisa ambazo ndani ya hizo siku kilichomo kimepanda nyuzi 6 au zaidi juu ya joto la nje ndo zinaandikwa kuwa mpaka. Kwenye karatasi ya usalama utaiona kama SADT. Kwa MEKP za kawaida za dukani inachezea kwenye nyuzi 60 hivi, na kuna peroksaidi nyingine mpaka wake uko chini ya sifuri, hizo zinazaliwa, zinasafiri na kutumika zikiwa kwenye barafu.

Angalia neno kifurushi hapo. Namba hiyo haiishii kwenye kemikali peke yake, inategemea na ukubwa wa chombo. Pipa kubwa lina mpaka wa chini kuliko kichupa, kwa sababu katikati ya pipa ni mbali na ukuta. Mtu anayenunua vichupa kumi alafu anavijumlisha kwenye dumu moja "ili nafasi isijae" kashusha mpaka wa usalama kwa mkono wake mwenyewe bila kujua. Na nyuzi 60 usione ziko mbali, gari lililofungwa vioo juani joto la ndani linapita 50 kirahisi, na chupa iliyoko juu ya dashibodi inachomwa na jua lenyewe tena. Watengenezaji wengi wanataka ikae chini ya nyuzi 25 au 30, na hizo nyuzi kati ya 30 na 60 usizihesabu kama akiba ya kuchezea, hizo ni za ajali.

Mfano wa kilichotokea kwa ukubwa wa kutosha ni Crosby, Texas, Agosti 2017. Kimbunga Harvey kilileta mafuriko, kiwanda cha Arkema kikakatika umeme, majenereta nayo yakazama, na pale kulikuwa na peroksaidi zinazotaka baridi muda wote. Wafanyakazi wakazihamishia kwenye matrela yenye friji, maji yakapanda mpaka kwenye matrela. Ikabaki kusubiri. Watu zaidi ya 200 walishahamishwa kwenye eneo la kilomita 2.4 kuzunguka kiwanda, na tarehe 31 trela la kwanza likaanza kuwaka lenyewe, mengine yakafuata. Watu 21 walitafuta matibabu kwa sababu ya moshi na mvuke. Hakuna aliyewasha kiberiti, hakuna cheche, ni friji tu zimezima. Ile ya Tokyo ilikuwa mbaya zaidi, Julai 1964, ghala la Shinagawa lilishika moto ambao ulianzia kwenye nitroselulosi (kemikali inayowaka upesi), ukafika ilipokuwa imehifadhiwa MEKP hii hii, mlipuko ukaua wazimamoto 19 waliokuwa kazini.

Ndo maana kwenye usafirishaji peroksaidi za kikaboni zina darasa lao peke yao, 5.2, alama yake ni kialmasi nyekundu juu na njano chini na ulimi wa moto. Ndani ya darasa wanazigawa kwa herufi A mpaka G, A ni zile ambazo zikiwa kwenye kifungashio hicho hazikubaliwi kabisa kusafirishwa na G ndo za upole. Nyingi ya MEKP za dukani ziko D. Kwa lugha nyingine mtu anayepanda basi na chupa ya hadna kwenye begi la nguo anasafirisha kitu ambacho dereva angetakiwa ajue.

Kwenye kutunza basi mambo yanajieleza. Iache kwenye chupa yake iliyokuja nayo, ile ya plastiki nyeupe, na usibadilishe mfuniko, kwa sababu mifuniko mingi ya hadna ina kitundu kidogo cha kupumulia ambacho ukiangalia haraka hukioni. Kuvunjika kunatoa gesi, gesi ikikosa njia chupa inavimba. Niliwahi kukuta moja mtu kaihamishia kwenye chupa ya soda na kuifunga kwa nguvu zote, imetuna mpaka kitako kimetokeza haisimami wima, inayumba kama pia. Ukikuta hiyo usiifungue, usiitikise, watoe watu na upige simu kwa zimamoto. Na chupa ya soda ina kosa la pili kubwa zaidi, kwamba mtu mwenye kiu anaweza kuinywa akidhani maji. Ikishamezwa inaunguza koo na tumbo na inaweza kuharibu ini, usimtapishe, wahi hospitali na lebo mkononi.

Iwe sehemu yenye kivuli na hewa, mbali na rizini, akselereta, mbao, rangi na makaratasi. Friji ya nyumbani usijaribu, ina cheche ndani na ina chakula. Asetoni nayo ikae mbali, najua iko kila karakana ya faibaglasi kwa kusafishia brashi, lakini usiitumie kuipunguza makali hadna wala kuoshea vyombo vya kupimia hadna, huo mchanganyiko unazaa kitu kibaya kuliko vyote viwili. Ukitoa hadna kidogo ikabaki, usiirudishe kwenye chupa, hata kama ni matone, kwa sababu hujui sirinji imegusa nini na chupa nzima inaweza kuanza kazi usiku mkiwa mmelala.

Kipimo ni asilimia 1 mpaka 2 ya uzito wa rizini, kwa kilo moja ni gramu 10 mpaka 20. Chini ya hapo rizini inabaki inanata na haikauki vizuri hata ukaisubiri wiki, juu ya 3 unarudi kwenye kile kikombe. Siku ya joto shuka kuelekea 1, siku ya baridi panda kuelekea 2, na pima kwa sirinji ya plastiki au mzani, sio kwa kifuniko. Alafu changanya kidogo kidogo unachoweza kumaliza kabla hakijaganda, hapo watu wanapoteza rizini nyingi bure kwa uroho.

Macho. Hapa sitaki utani. Tone moja la hadna kwenye jicho linaweza kuharibu konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, moja kwa moja, na wengine kidonda kinapona alafu kinarudi miaka mingi baadaye. Miwani iwe ile inayofunika pembeni, sio ya jua, na uivae kabla hujafungua chupa maana tone linaruka wakati wa kufungua na wakati wa kuvuta sirinji, sio wakati wa kupaka. Maji yawe karibu, yaani hatua chache, hata ndoo safi yenye kata inatosha kuanzia. Likiingia unaosha sekunde ile ile, kope umezitanua kwa vidole, dakika 15 kwa uchache, na ndipo unakwenda hospitali ukiendelea kuosha njiani kama inawezekana. Anayekimbia kwanza kutafuta gari alafu maji baadaye kashachelewa. Kwenye ngozi inaunguza pia ila ukiosha mapema kwa maji na sabuni unapona, na glavu ziwe za nitraili.

Ikimwagika, mkono utakimbilia kitambaa au maranda. Acha. Vyote vinawaka, na kitambaa chenye hadna kilichokunjwa kwenye pipa la taka kinajipasha kama kile kikombe na kuwaka saa kadhaa baadaye mkiwa mmeshafunga. Weka mchanga safi, ulowanishe kwa maji, uzoe kwa kitu cha plastiki uweke kwenye chombo ambacho hujakibana mfuniko. Vitambaa vilivyoshaguswa viloweke maji vikae nje. Kwenye sinki usiimwage. Moto ukiwa mdogo maji mengi ndo rafiki kwa sababu yanapoza, mtungi wa poda unaweza kuuzima ukafurahi alafu ukarudi kwa sababu joto bado limo ndani. Moto ukiwa umeshafika kwenye chupa zenyewe usiusogelee.

Ndugu mmoja wa MEKP unaweza kuwa naye bafuni: peroksaidi ya benzoili, ile ya krimu za chunusi za asilimia 2.5 mpaka 10, ambayo pia ndo ile hadna ya paste kwenye tyubu ndogo ya kuchanganyia filla ya bodi za magari. Ikiwa unga mkavu inalipuka kwa msuguano au joto, kwa hiyo viwandani inasafiri imeloweshwa maji. Kwenye krimu haina nguvu hiyo, madhara utakayoyaona ni taulo lenye mabaka meupe ulipofutia uso, hiyo ni oksijeni ile ile imekula rangi.

Na kile kikombe? Hakuna haja ya kukikimbiza popote kwa mkono mtupu. Kikianza kupata joto, kama bado unaweza kukishika, kipeleke nje ukiweke juu ya tofali au mchanga, mbali na ukuta wa mbao, uache kitoe moshi wake na usiuinamie. Usikitupe kwenye pipa la taka lenye karatasi. Kesho yake kitakuwa jiwe la rangi ya asali lenye nyufa ndani, limepoa, na hilo unaweza kulitupa.